Msihesabu migomba ingali chupani

Kwa miaka 9 kazi yangu ilikuwa kukata migomba kwa kisu cha upasuaji. Saa mbili asubuhi nimeshavaa koti jeupe, nimefunga nywele na kuziba mdomo, niko mbele ya kabati la hewa safi, taa ya spiriti inawaka pembeni. Natoa fungu la vichipukizi kwenye chupa, nalipasua, natenga kimoja kimoja, navipandikiza kwenye chupa nyingine yenye chakula kilichoganda kama jeli. Jioni msimamizi anapita na daftari. Hakuwahi kuniuliza majani yakoje wala mizizi ikoje. Swali lake lilikuwa moja tu: leo chupa ngapi?

Nikamtajia, akaandika. Namba ile ikapanda ngazi mpaka kwenye ripoti, na huko ikaitwa "miche iliyozalishwa". Kosa lilianzia hapo, na mimi nilikuwa mmoja wa waliolifanya.

Leo nina kitalu changu Hai, chini kidogo ya vihamba, mashamba ya nyumbani, vya Machame. Miche niliyokuwa nikiitoa kwa mlango mmoja sasa naipokea kwa mlango mwingine: mirefu kama kidole, imeoshwa jeli, imepangwa ndani ya kikasha cha plastiki kama dagaa. Nimeikuza kwa maelfu, na nimeifukia mingi pia. Kwa hiyo nasema kwa uhakika wa mtu aliyekaa pande zote mbili: mche wa tishu ukiwa chupani bado haujawa mche. Halmashauri, wafadhili na kila anayenunua miche kwa fedha za wananchi waache kulipa kwa kuhesabu chupa. Walipe kwa mche uliomaliza kitalu.

Niliacha maabara, lakini kilichonifanya nilielewe jambo hili sawasawa ni mama mmoja wa huku kwetu, mjane, mwenye kihamba kidogo alichoachiwa na mumewe. Mradi fulani ulipita kijijini ukagawa migomba ya tishu, na yeye akapata 40. Walimletea kwenye vikasha, moja kwa moja kutoka maabara, wakamwambia achimbe mashimo na kumwagilia vizuri. Akachimba, akajaza samadi ya ng'ombe wake mwenyewe, akafungulia maji ya mfongo, mfereji wa kijiji, asubuhi na jioni. Siku ya tatu akanipigia simu. Nilipofika nilikuta miche imelala chini, majani yamekuwa kama mchicha uliochemshwa, na chini yake udongo umelowa chepechepe.

"Mwanangu," akaniambia, "nimeinywesha mara mbili kwa siku. Inakufaje kwa kiu?"

Nimeliwaza swali lile miaka mingi. Migomba ilikuwa ndani ya maji, na bado ilikuwa inakauka.

Jibu liko chini ya jani. Kila jani lina vitundu vidogo vidogo vya kupumulia, vingi zaidi upande wa chini. Ukitaka kuviona, paka rangi ya kucha isiyo na rangi nyuma ya jani, iache ikauke, ibandue kwa utepe wa gundi, weka kwenye kioo cha hadubini. Mimi hufanya hivyo mezani kwangu kitaluni, kwa hadubini ya mtumba. Jani la mgomba uliokomaa saa saba mchana wakati wa jua kali huonyesha vitundu vilivyobanwa, kila kimoja kama jicho la mtu anayesinzia. Jani lililotoka chupani leo asubuhi huonyesha vitundu vilivyo wazi kabisa, vya mviringo, kama midomo ya makinda ya ndege. Liache mezani, lipigwe na upepo, lianze kunyauka, kisha uchukue alama nyingine. Vitundu vingi bado viko wazi. Jani linakufa na milango yake imeachwa wazi.

Ndani ya chupa hewa ina unyevu unaokaribia asilimia 100. Mche uliozaliwa humo haujawahi kuhitaji kufunga mlango. Tabaka la nta linalofunika jani, lile linaloyafanya matone ya mvua kuteleza juu ya mgomba, huwa jembamba mno. Hata chakula haujipikii ipasavyo, kwa sababu tunaulisha sukari, kwa kawaida gramu 30 katika kila lita. Mizizi yake imekua ndani ya jeli, haina vile vinyweleo vya kunyonya maji udongoni, na mingi hufa mche ukipandwa, ikaota mipya. Mche wa namna hiyo ukiutoa asubuhi na kuuweka kwenye jua la Hai na upepo unaoshuka mlimani, maji yanatoka majani kwa kasi kuliko mizizi inavyoweza kuyaingiza. Mfongo mzima hauwezi kuuokoa.

Ndipo zinapoingia homoni za mimea, na hapa naomba msomaji asiogope neno. Wakulima wengi huniuliza kwa wasiwasi, "Hii si ndiyo migomba ya dawa?" Homoni ni ujumbe ambao mmea wenyewe huutengeneza na kuutuma kutoka kiungo kimoja kwenda kingine, kwa kiasi kidogo sana. Na sisi tumezichezea tangu enzi za mababu. Anayevundika ndizi shimoni akafukiza moshi anatumia ethilini, gesi ileile ambayo ndizi inayoiva huitoa yenyewe. Anayekata kilele cha mbuni ili uchipue pembeni ameondoa mahali panapotoka auksini, homoni iliyokuwa ikizuia matawi ya chini. Hata dafu limo: mwaka 1941 mtafiti Johannes van Overbeek alitumia maji ya nazi kukuzia viini vya mbegu za mnanaha ndani ya maabara, na baadaye ikajulikana kwamba maji hayo yana saitokinini, homoni inayohimiza seli kugawanyika. Mtu wa Pangani anayekunywa dafu barazani anakunywa homoni ya mmea, na haijamdhuru.

Maabara zetu zote zinaishi kwa ugunduzi wa mwaka 1957. Folke Skoog na Carlos Miller, katika Chuo Kikuu cha Wisconsin huko Marekani, walichukua vipande vya tumbaku wakavilisha auksini na saitokinini kwa viwango tofauti. Auksini ikizidi, kipande kiliota mizizi. Saitokinini ikizidi, kiliota vichipukizi. Zikilingana, kilibaki donge lisilo na umbo. Miaka mitano baadaye, mwaka 1962, Toshio Murashige na huyo Skoog wakatoa kanuni ya chakula cha chupani, ileile tuliyokuwa tukiipima kila Jumatatu.

Sasa fikiria msimamizi mwenye daftari. Anataka chupa nyingi. Chupa nyingi maana yake vichipukizi vingi, na vichipukizi vingi maana yake saitokinini. Kwenye migomba tulitumia ile ya viwandani, benzilaminopurini, wenyewe tukiiita BAP, miligramu chache kwa lita, kiasi kidogo kuliko chumvi unayobana kwa vidole viwili. Ukiiongeza, kichipukizi kimoja kinakuwa vitano, vitano vinakuwa fungu. Inapendeza kutazama. Lakini homoni hiyohiyo huzuia mizizi na husaidia vitundu vya majani kubaki wazi. Na haiishi siku unayomtoa mtoto chupani. Sehemu yake hubadilishwa na mmea na kuhifadhiwa kwenye shina, pale chini kabisa, ikaendelea kuisumbua mizizi hata baada ya mche kuingia udongoni. Mche ulioshibishwa saitokinini mpaka siku ya mwisho hutoka nje ukiwa umepewa ujumbe mmoja tu: chipua, chipua, chipua. Nje ya chupa unahitaji ujumbe mwingine kabisa: ota mizizi, funga milango, tunza maji.

Ujumbe huo wa pili una homoni yake, asidi ya absisiki. Mmea ukikosa maji, huitengeneza. Kila kitundu kimelindwa na seli mbili zilizokaa kama midomo. Homoni ikizifikia, seli hizo hutoa potasiamu, maji huifuata, zinalegea na kujifunga. Hayo yote ni mambo ya dakika. Mgomba wa kihambani hufanya hivyo kila siku ya jua kali bila kufundishwa na mtu. Mgomba wa chupani haujawahi kuuona ujumbe huo kwa wingi, na seli zake zikiupata hazijui kuuitikia sawasawa.

Kitalu ndipo unapofundishwa, na mafunzo hayo hayana njia ya mkato. Mimi hupanda miche kwenye trei zenye mchanga wa mto, udongo wa msituni na pumba ya mpunga iliyochomwa, nikaiweka chini ya nailoni angavu iliyotandazwa juu ya fito, na neti ya kivuli juu yake. Wiki ya kwanza sifungui, na ndani huwa kuna ukungu. Wiki ya pili nafungua upande mmoja asubuhi, saa moja hivi, nikiwa nimesimama hapohapo natazama majani. Yakianza kulegea, nafunga. Kesho yake nafungua tena, na zaidi kidogo. Kila mara hewa inapokauka kidogo, mche unatengeneza asidi yake ya absisiki, kidogo tu, kama mtoto anayeonjeshwa uji kabla hajaachishwa ziwa. Jani la zamani lililotoka chupani halirekebishiki sana. Ninalolingoja ni jani jipya, lile linalokua ndani ya hewa ya kitalu. Likitokea, huwa nene zaidi na lenye rangi ya kijani iliyokoza, na ukilipitishia kidole unaisikia nta. La pili likifuata, nahamishia kwenye viriba. Kutoka siku ya trei mpaka siku ya kuuza ni miezi miwili hadi mitatu, kutegemea baridi. Julai huwa inachelewa.

Nikilinganisha mizigo niliyopokea, tofauti kubwa huletwa na maabara, kabla mche haujafika kwangu. Kuna mizigo ambayo hata nikikesha nayo, nusu nzima hulala chini. Na kuna mingine ambayo hupoteza miche ya kuhesabu kwa vidole. Nilipofuatilia kwa fundi mwenzangu wa zamani, jibu lilikuwa lilelile: mzigo mzuri ulipitia mzunguko wa mwisho wa mizizi, wiki 3 au 4 kwenye chakula kisicho na saitokinini, chenye auksini kidogo. Mzigo mbaya ulirukishwa hatua hiyo kwa sababu mteja alikuwa na haraka na wiki ya mizizi haiongezi chupa hata moja kwenye daftari.

Yapo na mengine ambayo watafiti wamekwisha kuyajaribu, na ningependa maabara zetu ziyachukue. Ipo saitokinini iitwayo meta-topolini, iliyogunduliwa kwenye majani ya mti wa poplari, ambayo watafiti wa Afrika Kusini waliijaribu kwenye migomba ya Williams na Grand Naine. Faida yake ni kwamba haijikusanyi shinani kama BAP, kwa hiyo mizizi haicheleweshwi. Ipo pakilobutrazoli, ambayo wakulima wa maembe wa nchi nyingi huitumia kulazimisha maua. Ikiwekwa kidogo kwenye chakula cha mzunguko wa mwisho, huzuia utengenezaji wa jiberelini, homoni ya kurefuka, na mche hutoka mfupi, mnene, wenye nta nzuri na usionyauka upesi. Hiyo naisema kwa tahadhari, kwa kuwa ikizidi mche unadumaa, na dawa yenyewe hukaa muda mrefu udongoni. Ni kitu cha maabara yenye mizani sahihi, na sitaki kuisikia ikiuzwa kwenye vichupa huko Kwasadala siku ya soko. Na lipo jambo rahisi kuliko yote: kifuniko cha chupa chenye kichujio cha kupitisha hewa. Chupa iliyozibwa kabisa hujaa ethilini inayotoka kwenye mche wenyewe, majani yakageuka njano na kudondoka, na unyevu unabaki juu. Kifuniko kinachopumua huanza mafunzo kabla chupa haijafunguliwa.

Najua kitakachosemwa. Kwanza, gharama. Kikasha kimoja cha miche ya chupani kinaingia kwenye buti la gari dogo, na viriba vya idadi hiyohiyo vinataka lori. Ni kweli. Kwangu mche wa kiriba unauzwa zaidi ya mara mbili ya bei niliyoununulia, na bado sitajiriki. Lakini hesabu ya mche uliokufa anailipa nani? Yule mama alilipa kwa siku nne za kuchimba mashimo, kwa samadi ambayo angeipeleka kwenye kahawa, na kwa msimu mzima wa masika. Kwenye ripoti ya mradi, ile migomba 40 mpaka leo imeandikwa kuwa imemfikia mkulima. Na imemfikia kweli.

Pili, watasema tuna haraka, kwa sababu mahitaji ni makubwa. Haraka hiyo naielewa kuliko wengi. Chipukizi la kuchimba kwa jirani huja na fukusi, minyoo ya mizizi na minyauko. Mnyauko wa bakteria uliogundulika Uganda mwaka 2001 uliingia Kagera miaka michache baadaye, na watu waling'oa migomba iliyopandwa na babu zao. Mwaka 2021 Tanzania iliidhinisha aina nne mpya za ndizi, TARIBAN 1 hadi 4, na kwa kuwa mgomba wa kula hauna mbegu ya kupanda, njia ya haraka ya kuwafikia wakulima ni chupa. Sipingi chupa hata kidogo. Naipenda kazi ile, mikono yangu bado inaikumbuka. Ndiyo maana inaniuma kuona mkulima aliyepoteza migomba ya tishu mara moja akirudi kuchimba chipukizi lenye fukusi, akiapa kwamba vitu vya wataalamu haviishi kihambani. Mtu huyo humpati tena kwa semina.

Ukubwa wa haraka hiyo ulituponza hata ndani ya chupa. Tulifundishwa tusizidishe mizunguko 8 ya kukata kutoka chipukizi moja mama. Mwaka wa oda kubwa tuliizidisha, na BAP tukaipandisha. Baadhi ya migomba ile ilitoka vibeti, majani yamebanana kama mkono uliokunjwa, na mkungu wake haukufaa hata kwa pombe ya mbege. Mkulima alisubiri zaidi ya mwaka kabla hajajua. Sikumfahamu, lakini niliikata kwa mkono wangu, na nikaitaja idadi yake jioni kwa fahari.

Ninachodai kinaandikika kwenye mkataba wowote wa ununuzi kwa mistari michache. Mche uhesabiwe ukiwa ndani ya kiriba, wenye angalau majani matatu yaliyoota kitaluni. Malipo ya mwisho yatolewe baada ya siku 60 shambani, kwa miche iliyo hai. Kila mzigo utoke maabara na karatasi inayosema aina ya ndizi, mzunguko wa ngapi, homoni gani ilitumika mara ya mwisho na kwa wiki ngapi, na kama mama yake alipimwa virusi, maana chupa peke yake haiondoi virusi. Maabara ziombe bei inayolipa wiki za mizizi badala ya kuziiba. Na fedha kidogo za mafunzo ziende kwa akina mama na vijana wenye vitalu huku chini, wanaofungua nailoni kila asubuhi.

Wakati tunasubiri hayo, mkulima mwenzangu, usinunue kwa macho. Muombe muuzaji jani moja la mche wake, lile jipya. Likate, liweke kivulini juu ya meza au juu ya jiwe, uendelee na mazungumzo. Jani la mche uliotoka chupani juzi litajikunja kabla hamjamaliza chai. Jani la mche uliokomaa linavumilia masaa.

Yule mama alikuja kitaluni kwangu masika yaliyofuata. Sikumwambia kitu, nilimkatia jani, akalifunga kwenye kanga, akaenda nalo sokoni kununua chumvi na mafuta ya taa. Aliporudi saa tisa alilifungua, akalikunja kwa vidole, akalinyoosha. Akahesabu viriba 12, akasema vingine atavifuata hivi vikipata jani la nne kihambani.